Taa Mpya ya Bodaboda: Ifunge kwa Usalama

Leo tunazungumza nanyi madereva wa bodaboda mnaofunga taa ya ziada mbele ya pikipiki.

Kosa linaloonekana sana ni kuunga taa kubwa kwenye waya wa taa ya zamani. Taa ya wati 60 kwa betri ya volti 12 huvuta ampea 5. Waya mwembamba na swichi ya usukani hupata moto, plastiki ikayeyuka, na pikipiki inaweza kuungua.

Fanya hivi. Kwanza, fungua waya wa hasi kwenye betri. Pili, toa waya mnene upande wa chanya, weka fyuzi ya ampea 10 karibu kabisa na betri, kisha upeleke kwenye rilei, yaani swichi inayoendeshwa kwa umeme. Swichi iamshe rilei tu. Rilei ndiyo ipeleke umeme kwenye taa. Waya wa hasi wa taa ufunge kwenye fremu, mahali palipokwanguliwa rangi. Viungo vyote vifunikwe, mvua isilete kutu.

Fyuzi ikikatika, usiweke kipande cha waya badala yake, tafuta hitilafu. Mwisho, inamisha mwanga uangaze barabara, usimpofushe anayekuja. Ukiwa na shaka, muone fundi umeme wa pikipiki.