Kijana Akitaka Kujifunza Kupiga Mbizi

Kama mkono uko kwenye unga, endelea kukanda, mimi nipe sikio tu.

Mazungumzo ya leo huenda yakakushangaza, kwa sababu sisi tuko hapa Kiganjo na bahari iko mbali nasi zaidi ya kilomita 500. Siku moja, tulipokuwa tukipima uzani wa watoto, mama mmoja alinisimamisha nje ya kliniki. "Sista, nina swali, lakini usinicheke," akasema. Kifungua mimba wake alisomea mambo ya hoteli, akapata kazi Diani, kule pwani ya kusini. Sasa kijana amepiga simu kwamba kuna shule itakayomfundisha kupiga mbizi, na akihitimu atakuwa akiwaongoza wageni kutazama samaki na matumbawe chini ya bahari. "Nimelipa karo ya nasari, nikalipa ya sekondari, nikalipa ya kolegi," akasema mama. "Sasa nilipe karo ya kuzama?"

Sikumcheka. Kwetu neno kuzama lina msiba ndani yake. Kati ya Ruiru na Thika, ni nani hajasikia habari ya mtoto aliyepotelea kwenye shimo la mawe lililojaa maji, au aliyechukuliwa na mto? Na wengi wetu tunakumbuka mwezi wa Septemba mwaka 2019, mama na binti yake mdogo walipozama na gari kwenye kivuko cha Likoni. Nchi nzima ilikaa mbele ya runinga ikiwangojea wapiga mbizi. Gari lilikuwa kina cha mita 58, na zilipita siku 13 kabla ya kutolewa. Ndipo wengi wetu tulipoelewa kwamba kazi ya kuingia chini ya maji haitaki ushujaa peke yake. Inataka mafunzo, vifaa na subira.

Basi nilimwambia mama yule: usikatae, na usikubali. Uliza kwanza. Shule nzuri ya kupiga mbizi haikasiriki mzazi akiuliza. Shule inayokasirika imekwisha kukujibu.

Swali la kwanza ni hili: je, shule hii imewahi kumkataa mtu? Mwenye shule anayejali usalama humpa kila mwanafunzi fomu ya afya kabla hata ya kumwonyesha maji. Fomu inauliza juu ya kifafa, pumu, ugonjwa wa moyo, upasuaji wa kifua, maumivu ya masikio, dawa unazotumia, na kwa mwanamke, kama ana mimba. Mwanamke mjamzito hapigi mbizi kwa mtungi wa hewa. Mwenye kifafa naye huzuiwa, maana kifafa kikimshika chini ya maji, kile cha kupumulia kitamtoka mdomoni. Mwenye pumu hupelekwa kwa daktari kwanza. Hata mafua ya kawaida yanatosha kuahirisha somo, kwa sababu masikio yaliyoziba hayawezi kusawazisha hewa. Wewe mwenyewe umeyaona haya ukiwa kwenye matatu inayoteremka kutoka Kimende kwenda Mai Mahiu: masikio yanaziba mpaka umeze mate. Sasa fikiria mteremko huo ukiwa ndani ya maji, ambapo mita 10 tu zinaongeza uzito maradufu ya ule tunaobeba hapa juu.

Kijana anaweza kushawishika kuandika "hapana" kila mahali kwenye fomu ili asiachwe. Hapo ndipo mama anahitajika. Wewe ndiye unayekumbuka kwamba alipokuwa na miaka 6 alilazwa kwa kifua, au kwamba sikio lake la kushoto lilitoka usaha mwaka mzima. Mkumbushe. Usiseme hilo ni jambo la zamani.

Swali la pili: mwanafunzi anaanzia wapi? Katika PADI, mojawapo ya mashirika makubwa duniani yanayotoa vyeti vya kupiga mbizi, kozi ya kwanza hupokea watoto kuanzia miaka 10. Mwanafunzi hupimwa kuogelea mita 200 bila kifaa chochote na kuelea dakika 10. Huanza kwenye maji matulivu yasiyo na kina, kisha ndipo aende baharini. Wanafunzi hawazidi 8 kwa mwalimu mmoja baharini, na mwalimu mwenye busara huchukua wachache zaidi bahari ikichafuka. Cheti hicho cha kwanza, kwa mtu mzima, mwisho wake ni mita 18. Mkipigiwa simu na mtu anayetaka kumwajiri kijana asiye na cheti azamie majongoo-bahari kwa mtungi wa kuazima, mwambieni hapana. Kuna vijana wa pwani yetu waliorudi kutoka kazi hiyo miguu ikiwa imepooza.

Kwa nini miguu ipooze? Nitaeleza polepole, kwa maana hapa ndipo penye kiini cha mazungumzo ya leo.

Chini ya maji, mpiga mbizi anavuta hewa iliyobanwa. Sehemu ya hewa hiyo, inayoitwa naitrojeni, inaingia kwenye damu na nyama za mwili kama ile gesi iliyo ndani ya chupa ya soda. Chupa ikiwa imefungwa huoni kitu. Ukiifungua kwa ghafla, inafura povu. Mpiga mbizi anayepanda juu mbio anafanya mwili wake kuwa soda iliyofunguliwa kwa ghafla. Mapovu yanaweza kukaa kwenye viungo, kwenye uti wa mgongo, hata kwenye ubongo. Kwa hiyo wanafunzi hufundishwa kupanda polepole na kungoja dakika 3 wakiwa mita 5 kabla ya kutoka. Tena hufundishwa kutobana pumzi hata mara moja, kwa sababu hewa uliyovuta mita 10 chini hutanuka mara mbili ikifika juu, na pafu lililofungwa linaweza kupasuka kama puto.

Sasa sikiliza vizuri, mama wa Kiganjo. Sisi tunaishi zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya Diani. Kijana akipiga mbizi asubuhi, kisha apande treni ya SGR mchana ili alale nyumbani, anaifungua ile chupa mara ya pili akiwa njiani. Wapiga mbizi hushauriwa kungoja angalau muda wa saa 12 baada ya kuingia majini mara moja, na angalau saa 18 kama wameingia mara kadhaa, kabla ya kupanda ndege. Kupanda kwa basi au treni hadi nyanda zetu za juu kuhesabiwe vivyo hivyo. Nilipomweleza mama yule jambo hili, alishika mdomo. Kijana wake alikuwa amepanga kuja Jumamosi, jioni ya siku yake ya kwanza baharini.

Akifika nyumbani, na kesho yake alalamike kwamba bega au goti linauma bila kugongwa, au vidole vina ganzi, au miguu imelegea, au kichwa kinazunguka, au haja ndogo haitoki, usimpe dawa ya maumivu na kumwambia alale. Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Na neno la kwanza utakalomwambia daktari liwe hili: "Huyu alipiga mbizi baharini." Madaktari wetu wa huku bara hukutana na malaria, ajali za boda boda na kuhara. Ugonjwa wa wapiga mbizi si wa kila siku kwao, na wasipoambiwa wanaweza kuutafuta mahali pengine kabisa. Mgonjwa huyo anahitaji kuvuta oksijeni mapema, na daktari aulize mahali penye chumba maalumu cha shinikizo la hewa, ambacho ndicho tiba yake hasa.

Tukirudi kwa mwenye shule: mwulizeni kama mashua yake hubeba oksijeni ya dharura, na nani anajua kuitumia. Mwulizeni mitungi hujazwa wapi. Hili nalo mama analielewa haraka kuliko mtu yeyote, kwa kuwa kila mwaka tunawaambia msilale na jiko la makaa ndani ya nyumba. Mashine inayojaza hewa ikivuta moshi wa injini yake yenyewe, sumu ile ile ya makaa inaingia kwenye mtungi, na mpiga mbizi atailalia chini ya maji bila kuisikia harufu. Fundi mwaminifu huweka mdomo wa kuvutia hewa mbali na moshi, upande upepo unakotoka.

Na mwulizeni nani anahesabu watu. Mwaka 1998, huko Australia, mume na mke waliokuwa watalii waliachwa baharini kwa sababu mashua iliondoka bila hesabu sahihi. Iligunduliwa baada ya siku 2, mikoba yao ilipoonekana ingali kwenye mashua. Hawakupatikana kamwe. Sheria za kule zilikazwa baadaye, na leo shule makini huita majina watu wakiingia na kuita tena wakitoka. Kila mpiga mbizi pia huwa na mwenzake, na kabla ya kuruka wanakaguana: mtungi umefunguliwa? Mkanda umefungwa? Hewa inatoka? Ni dakika 2 tu.

Nawaambia ukweli, kila nikifikiria kuita majina huko nawaona watoto wetu wakati wa likizo. Wanatoka 6 kwenda kuteka maji au kuchunga, hakuna aliyewahesabu, na jioni wanarudi 5, kila mmoja akiogopa kusema. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani mwaka 2021, na watoto ni wengi kati yao. Hao wengi hawakuwa na mtungi wala mwalimu. Walikuwa karibu na nyumbani.

Mashimo ya mawe, kama yale ya upande wa Ndarugo, ni hatari kuliko yanavyoonekana. Kingo zimekatwa wima kama ukuta, kwa hiyo mtoto hana pa kukanyaga akitaka kutoka. Maji yametulia lakini ni meusi, na mawe yako chini tayari kumpasua kichwa anayeruka kwa kichwa. Kama shimo liko karibu nanyi, zungumzeni na mwenye shamba na chifu liwekwe ua au lifukiwe. Mtoto mdogo asiende majini bila mtu mzima anayemtazama, na mtu huyo asiwe na simu mkononi. Wakubwa wasiende peke yao, na mmoja abaki nje.

Akizama mtoto, tafadhali mama, usijitupe. Najua moyo utakavyokuambia. Lakini mara nyingi tumezika wawili badala ya mmoja. Mrushie kamba, kanga iliyofungwa fundo, au mtungi mtupu wa lita 20 uliokazwa kifuniko, maana unaelea na utambeba. Ukiweza kumfikia kwa mti mrefu, lala kifudifudi ukingoni kwanza. Piga kelele, na mwenzako apige simu 999 au 112.

Akitolewa, msimning'inize kichwa chini na msimkamue tumbo. Hiyo inapoteza wakati. Mlaze chali, mwinue kidevu, tazama kama anapumua. Kama hapumui, mpulizie pumzi 5 mdomoni, kifua kikiinuka. Kisha bonyeza katikati ya kifua mara 30, kwa kasi, mpulizie 2, na urudie bila kuacha mpaka apumue au msaada ufike. Hata akizinduka na kuomba chai, apelekwe hospitali. Mapafu yaliyoingia maji yanaweza kumgeuka saa chache baadaye.

Sasa mtaniuliza kijana wa Diani aliishia wapi. Mama alimpigia simu akiwa amesimama pale pale mbele yangu, sauti juu, kliniki nzima inasikia. Alimwuliza kuhusu fomu ya afya, na ikabainika hakuandika habari ya pumu aliyokuwa nayo utotoni. Shule ilimtuma kwa daktari, akapimwa mapafu, akaruhusiwa baada ya wiki 2. Kuhusu safari ya nyumbani, alikuja Jumatatu badala ya Jumamosi. Mama aliniambia kwamba kitu cha kwanza alichomwuliza mlangoni, kabla ya salamu, ni kama vidole vyake vina ganzi.

Wiki ijayo tutakuwa na mazungumzo kuhusu minyoo, na nitawaomba mje na maswali yenu. Hadi wakati huo, kwaherini.