Magari Madogo Yaendayo Mara kwa Mara
(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama wa Korogwe na Handeni)



Tutasema machache juu ya jambo limgusalo kila mtu aendaye kazini, nalo ni safari ya baina ya miji yetu hii miwili. Njia ni ya lami, na urefu wake wapata kilometa 65. Basi taabu yetu si njia. Taabu yetu ni kungoja.

Reli kutoka Tanga ilifika Korogwe mwaka 1902, lakini haikugeuka kwenda Handeni. Katika Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani walitandika reli nyembamba ya matoroli kutoka Mombo mpaka Handeni, kabla ya Waingereza kuingia Handeni mwezi wa Juni 1916. Gari moshi kubwa lisingaliweza kupita juu ya reli ile. Kwa hiyo shehena iligawanywa katika magari madogo. Huo ndio ushahidi wa kwanza, nao umo katika nchi yetu wenyewe.

Ushahidi wa pili uko Dar es Salaam. Shirika la UDA liliundwa mwaka 1974, nalo lilitegemea mabasi makubwa. Mabasi hayo yalipopungua, watu walirundikana vituoni. Mwaka 1983 Serikali iliruhusu watu binafsi kuchukua abiria kwa nauli ya shilingi tano. Na kwa kuwa sarafu ya shilingi tano iliitwa dala, magari hayo yakaitwa daladala.

Sasa na tufanye hesabu. Basi la watu 60 likiondoka kila baada ya saa mbili, mtu afikaye kituoni bila kujua zamu yake atangoja, kwa wastani, saa moja. Magari manne ya watu 15, yakiondoka moja kila nusu saa, yatachukua watu wale wale 60, lakini kungoja kutashuka hadi robo saa. Viti havikuongezeka hata kimoja. Kilichoongezeka ni nafasi ya kuondoka.

Jambo hili si dogo. Karani achelewapo, mkulima aliyetoka mbali kufuata hati yake hukuta meza tupu. Mgonjwa aendaye Hospitali ya Magunga hufika foleni ikiwa imekwisha kuwa ndefu. Na yule aliyekosa gari la jioni hulala ugenini, na kesho yake huandikwa mchelewaji, ingawa alikuwa kituoni tangu alfajiri.

Wako watakaosema kwamba magari manne yataka madereva wanne na matingo wanne, na kwamba nauli itapanda. Neno hilo ni kweli, wala haifai kulificha. Tena magari madogo yasiyo na ratiba hushindana mbio kugombea abiria, na mashindano hayo huua watu. Kwa hiyo hatusemi kwamba mabasi makubwa yaondolewe. Siku za gulio, na wakati shule zinapofungwa, hayo ndiyo yafaayo. Tusemalo ni kwamba saa za asubuhi na jioni zipewe magari madogo, tena yaondoke kwa saa iliyoandikwa, yawe yamejaa au hayakujaa. Gari lijualo saa yake halina haja ya kukimbizana na jingine.

Yatupasa basi kufanya mambo matatu. Kwanza, kila mwanachama aandike katika daftari, kwa muda wa majuma mawili, saa aliyofika kituoni na saa aliyoondoka. Pili, tuwaendee wenye magari kwa adabu na kuwaonyesha hesabu hiyo, maana mfanyabiashara husikiliza hesabu kuliko manung'uniko. Tatu, tupeleke barua moja kwa LATRA, mamlaka iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 2019 kusimamia usafiri wa nchi kavu, tukiomba ratiba ya njia hii iwekwe na ifuatwe.

Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Gari dogo lichukualo watu kumi na watano, likirudi tena na tena, litamaliza kituo kizima, na wala hatutakuwa na sababu ya kufika ofisini jua likiwa limepanda.