SOMO LA TISA: LORI LIMECHELEWA, KOSA LA NANI?

Juma lililopita tulijifunza kutafuta wastani. Leo tuendelee, na tafadhali shika kalamu ya risasi, kwani somo hili halifai kusikilizwa mikono mitupu.

Kabla sijaingia kazi ya elimu nilikuwa karani wa ghala moja la mahindi. Kila asubuhi niliandika dakika zilizotumika kupakia lori la kwanza. Ziandike nawe, siku kumi: 52, 47, 55, 50, 44, 53, 49, 56, 48, 46.

Siku ya nane, ile ya dakika 56, meneja alipandwa na hasira, akamkata nyapara wa vibarua ujira wa siku nzima. Kesho yake, 48. Meneja akacheka, akaniambia, "Umeona, karani? Dawa imeingia." Nami nikaitikia, "Ndiyo, bwana." Nyapara alinitazama tu. Alikuwa mtu wa watoto wanne, na ujira ule ndio uliokuwa unga wa nyumbani.

Haya, tuone kama dawa iliingia kweli. Jumlisha dakika zote, utapata 500. Gawanya kwa 10, wastani ni 50. Kisha andika tofauti kati ya kila siku na siku iliyofuata, usijali kama imepanda au imeshuka: 5, 8, 5, 6, 9, 4, 7, 8, 2. Jumla yake ni 54. Gawanya kwa 9, ni 6. Zidisha 6 kwa 2.66, namba waliyoipata wataalamu wa takwimu kwa hesabu za namna hii, utapata karibu 16. Ongeza 16 juu ya 50, ni 66. Toa 16, ni 34. Sasa chora mstari wa wastani katikati, mstari wa 66 juu na wa 34 chini, kisha tia nukta zako kwa kufuata siku.

Nukta zote zimo ndani, hata ile ya 56. Maana yake siku ile haikuwa na jambo la pekee. Kazi hupanda na kushuka kwa sababu ndogo ndogo nyingi: gunia limefumuka, dereva amesahau hati, jua limekuwa kali. Dakika zile yaelekea zingeshuka zenyewe, hata kama nyapara angalipewa zawadi badala ya adhabu.

Mistari hii ya mipaka chanzo chake ni Mmarekani Walter Shewhart, wa kampuni ya Western Electric iliyotengeneza simu. Tarehe 16 Mei 1924 alimpelekea mkubwa wake karatasi moja tu yenye mchoro. Mwaka 1950 mwenzake Deming aliwafundisha wahandisi na wakuu wa viwanda wa Japani, na tangu 1951 Wajapani hutoa tuzo yenye jina lake.

Nukta ikitoka nje ya mipaka, hapo tafuta sababu, na itafute siku ile ile. Pale ghalani baadaye tulipata dakika 71. Mizani ilikuwa imekwama. Lakini meneja alikwisha zoea kufoka kila siku, hata siku hiyo alifoka vile vile, na mizani ikatengenezwa siku ya tatu.

Huenda ukauliza, je, kama hizo dakika 50 zenyewe ni nyingi mno? Swali zuri. Basi hapana budi kubadili mpango wa kazi: hati ziandikwe jioni, magunia yapimwe kabla lori halijafika. Nyapara hana amri juu ya hayo. Meneja ndiye mwenye amri.

Kompyuta yaweza kukuchorea mistari hii mara moja, lakini wewe chora kwanza kwa mkono wako. Chagua kazi moja ya dukani, shambani au ofisini kwako, uandike hesabu yake kila siku. Siku kumi zatosha kwa kuanzia, ishirini ni bora. Mpelekee mwalimu wa darasa lako hiyo karatasi, na usifute nukta yo yote, hata ile inayokutia aibu.

Kwaherini.