Mtihani wa Uraia: Tuwajue Akina Nani?

(Hotuba iliyotolewa mbele ya washiriki wa semina ya elimu ya uraia)



Tumeombwa tuzungumzie swali ambalo kwa mtazamo wa kwanza laonekana dogo: mtu anayetaka kuwa raia wa Kenya, awajue akina nani katika historia ya nchi hii? Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya mwaka 2011 inamtaka mgeni aliyeishi nchini kihalali kwa miaka 7 mfululizo, naye akaomba kuandikishwa kuwa raia, awe na ujuzi wa kutosha kuhusu Kenya na kuhusu haki na wajibu wa raia. Tena yampasa aweze kuelewa na kusema Kiswahili au lugha mojawapo ya wenyeji. Sheria haikuorodhesha majina ya watu. Hapo ndipo ilipo kazi yetu, kwa maana orodha isipotungwa na wananchi, hutungwa na watawala.

Twakumbuka jinsi watawala walivyoitunga. Katika enzi ya chama kimoja, mtoto wa shule alikaririshwa jina la Rais, la Makamu wake, la mkuu wa mkoa, la mkuu wa wilaya, hadi la chifu. Hayo yalikuwa majina ya vyeo. Wahenga walinena kwamba muungwana ni vitendo. Wala hawakusema kwamba muungwana ni kiti anachokalia.

Tuitazame tarehe 20 Oktoba. Usiku wa siku hiyo, mwaka 1952, serikali ya kikoloni ilitangaza hali ya hatari na kuwakamata viongozi wengi. Sita kati yao walishtakiwa Kapenguria: Jomo Kenyatta, Bildad Kaggia, Kung'u Karumba, Fred Kubai, Paul Ngei na Achieng Oneko. Walishtakiwa sita na kufungwa sita, lakini baada ya uhuru siku hiyo iliitwa kwa jina la mmoja tu. Hadi Katiba ya mwaka 2010 ilipoifanya kuwa Sikukuu ya Mashujaa, vizazi viwili vya Wakenya vilikuwa vimekwisha kufundishwa kwamba uhuru uliletwa na mtu mmoja.

Tena chama cha Mau Mau, kilichopigwa marufuku na wakoloni mwaka 1950, kilibaki haramu katika vitabu vya sheria hadi mwaka 2003. Dedan Kimathi alinyongwa katika gereza la Kamiti tarehe 18 Februari 1957. Barabara ya Nairobi ilipewa jina lake, lakini sanamu yake haikusimamishwa katika barabara hiyo mpaka mwaka 2007. Kwa miaka 40 ya uhuru, Mkenya aliweza kupita katika barabara ya Kimathi hali sheria ya nchi yake ingali ikikihesabu chama cha Kimathi kuwa cha wahalifu.

Ndugu wananchi, twapendekeza basi kwamba kila jina lipimwe kwa maswali matatu. Mtu huyu alidai nini? Alimdai nani? Naye alilipa nini?

Kwa kipimo hicho, raia amjue Mekatilili wa Menza, mwanamke wa Kigiriama, ambaye mwaka 1913 aliwahimiza watu wake wakatae kodi ya nyumba na kazi ya kulazimishwa. Yeye pamoja na Wanje wa Mwadorikola walihamishwa mpaka Kisii, upande wa pili wa nchi. Walitoroka mwaka 1914, wakaikabili kwa miguu safari ya kurudi Pwani. Amjue Harry Thuku, aliyepinga kipande ambacho Mwafrika alivikwa shingoni. Na amjue zaidi Mary Muthoni Nyanjiru, ambaye tarehe 16 Machi 1922, Thuku alipokuwa korokoroni Nairobi, aliwakemea wanaume waliokuwa tayari kutawanyika, akawaongoza wenzake kuelekea kwenye mitutu ya bunduki. Alipigwa risasi akafa. Amjue Muindi Mbingu, ambaye mwaka 1938 aliwaongoza Wakamba kutoka Machakos kwenda Nairobi kudai ng'ombe wao walionyang'anywa kwa amri ya serikali. Serikali ililazimika kuilegeza amri yake, lakini Mbingu alihamishiwa Lamu.

Hakuna hata mmoja kati ya hao aliyekuwa na cheo cha kumfanya akaririwe shuleni.

Baada ya bendera kupandishwa mwaka 1963, maswali yetu matatu hayakwisha. Ila mdaiwa alibadilika. Pio Gama Pinto, mzaliwa wa Nairobi, aliyewekwa kizuizini na Mwingereza kuanzia mwaka 1954, aliuawa kwa risasi tarehe 24 Februari 1965 akiwa mbunge katika nchi huru. Jaramogi Oginga Odinga, Makamu wa kwanza wa Rais, aliacha wadhifa wake mwaka 1966 akaunda chama cha KPU, na mwaka 1969 chama hicho kilipigwa marufuku. Achieng Oneko, aliyefungwa na wakoloni pamoja na Kenyatta, alirudishwa kizuizini mwaka huo huo chini ya serikali ya Kenyatta mwenyewe. J. M. Kariuki, aliyewasemea maskini Bungeni, aliuawa Machi 1975, mwili wake ukaokotwa katika vilima vya Ngong.

Mwaka 1982 Bunge lilipitisha Kifungu 2A, na Kenya ikawa nchi ya chama kimoja kwa sheria. Kenneth Matiba na Charles Rubia walipothubutu kudai vyama vingi hadharani, walitiwa kizuizini siku chache kabla ya mkutano wa Kamukunji wa Saba Saba, mwaka 1990. Kifungu hicho kilifutwa Desemba 1991. Lakini tusikomee kwa waheshimiwa. Mwishoni mwa Februari 1992, akina mama wa wafungwa wa kisiasa waliketi katika bustani ya Uhuru Park, Profesa Wangari Maathai akiwa pamoja nao, wakidai watoto wao. Polisi waliwavamia kwa virungu na gesi ya kutoa machozi. Akina mama hao walihamia katika kanisa la All Saints, wakaendelea kudai hadi mwaka uliofuata. Dunia ilimpa Maathai Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004. Wengi wa akina mama wale hawakupewa hata mstari mmoja wa kitabu cha shule.

Sasa twafikia jambo zito kuliko yote. Ni nani mwenye haki ya kumtahini mwenzake kuhusu Ukenya?

Makhan Singh alizaliwa Punjab mwaka 1913, akaletwa Nairobi akiwa mvulana. Mwaka 1935 aliunda chama cha wafanyakazi. Aprili 1950, katika ukumbi wa Kaloleni, alidai mbele ya umma uhuru kamili wa Afrika Mashariki, wakati ambapo wengine waliomba viti vichache tu katika Baraza la Kutunga Sheria. Mwezi uliofuata alikamatwa, naye hakuachiliwa hadi Oktoba 1961. Huyo ndiye aliyeufaulu mtihani wa uraia, kwa miaka 11 ya maisha yake.

Kinyume chake, serikali zetu zimeugeuza uraia kuwa fimbo. Mwaka 1989 Wakenya Wasomali waliamriwa wajiandikishe upya na kubeba kadi ya pekee. Sheikh Khalid Balala, mzaliwa wa Mombasa, alinyimwa pasipoti akiwa Ujerumani mwaka 1994, ikadaiwa kwamba si Mkenya. Hakurudi nyumbani hadi mwaka 1997. Wamakonde, ambao wazazi wao waliletwa kutoka Msumbiji kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa, waliishi Pwani kwa miongo bila vitambulisho, mpaka Oktoba 2016 walipofunga safari ya miguu kutoka Kwale kwenda Nairobi kudai haki yao. Vijana Wanubi na Wasomali, na wengi wa Pwani, walifikishwa mbele ya kamati za uchunguzi kwa ajili ya kitambulisho ambacho jirani zao walikipata bila kuulizwa neno. Februari 2025 Rais William Ruto alitangaza kuuondoa uchunguzi huo kwa jamii za mpakani. Twaipokea kauli hiyo, lakini twakumbusha kwamba kilichotolewa kwa tamko chaweza kurudishwa kwa tamko. Kinga ya raia ni sheria.

Kwa hiyo tunasema mambo matatu. Kwanza, majina haya yafundishwe yakiwa urithi wa Wakenya wote. Mekatilili si wa Wagiriama pekee, wala Mbingu si wa Wakamba pekee. Pili, yasifanywe mtego wa kumnyima mtu haki aliyozaliwa nayo. Mtihani wa mgeni anayeomba uraia ni halali. Mtihani wa mwenyeji kwa sababu ya jina lake, dini yake au sura yake ni dhuluma. Tatu, tusiwaabudu mashujaa. Baadhi yao walipopata madaraka waliwatenda wenzao yale waliyotendwa, na raia ana wajibu wa kulijua hilo pia.

Dibaji ya Katiba yetu inawaenzi wote waliopigania uhuru na haki, bila kumtaja hata mmoja kwa jina. Nafasi hiyo imeachiwa sisi tuijaze. Tukiijaza kwa majina ya wakubwa, tutalea watumishi wa wakubwa. Tukiijaza kwa majina ya waliodai, watoto wetu watajua kudai.