Kumwandaa Mwalimu wa Yoga ya Mapumziko: Hoja kwa Kibaha na Kisarawe

Mada hii inatetea jambo moja: mwalimu wa yoga ya mapumziko apimwe kwa namna anavyoulaza mwili wa mwenzake, si kwa wingi wa saa alizokaa darasani wala kwa wepesi wa viungo vyake mwenyewe. Yoga hii ilitokana na kazi ya B.K.S. Iyengar kule Pune, India, aliyetumia viti, mikanda na mito ili hata wagonjwa wamudu mikao. Mwanafunzi wake Mmarekani, Judith Hanson Lasater, ndiye aliyeieneza. Mtu huegemezwa kila upande, akaachwa hivyo dakika 10 hadi 20. Goti likining'inia, paja linaendelea kujikaza, na mapumziko hakuna. Cheti cha saa 200 kwa vigezo vya Yoga Alliance ya Marekani hakitoshi kutuambia kama mwenye nacho analiona goti hilo.

Chukua mama mwenye mimba ya miezi saba. Akilazwa chali muda mrefu, mfuko wa uzazi hukandamiza mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni, naye anaweza kusikia kizunguzungu. Alazwe ubavu, mto kati ya magoti, kanga iliyokunjwa chini ya shingo, nyingine ya kumfunika, kwani mwili uliotulia hupoa. Vifaa hivyo vimo ndani ya nyumba yoyote ya Kisarawe. Kinachokosekana ni jicho lililofunzwa, na jicho hufunzwa kwa kazi inayosimamiwa kwenye miili halisi. Kibaha ina misingi ya kazi hiyo: mradi wa nchi za Nordiki ulioanza 1963, uliozaa Shirika la Elimu Kibaha, uliweka pamoja shule, mafunzo ya wakulima na kituo cha afya cha Tumbi. Leo Tumbi ni hospitali ya rufaa ya mkoa, na hupokea majeruhi wa Barabara ya Morogoro. Mwanafunzi wa yoga akae na wataalamu wa fiziotherapia, ajue mgongo gani asiuguse kabisa.

Wapo watakaosema mwanamke anayelima mihogo na kubeba kuni anahitaji mtaji, si kulazwa mkekani. Mtaji anauhitaji, kweli. Lakini kiuno kinachouma hakingoji mkopo, na anayechoka zaidi ndiye asiyepewa ruhusa ya kupumzika. Pingamizi la dini ni zito zaidi, hasa mkoa huu wa Pwani, wenye Waislamu wengi. Mwaka 2008 Baraza la Fatwa la Malaysia liliwakataza Waislamu yoga. Mwaka 2017 Saudi Arabia iliruhusu ifundishwe kama mchezo. Anayefundisha hapa aache nyimbo za ibada na aeleze wazi, kabla ya somo, anachofanya na asichofanya.

Wengine watauliza kama yoga hii inatibu. Jaribio la California lililochapishwa 2014, kwa watu 180 waliokuwa hatarini kupata kisukari, lililinganisha yoga hii na kujinyoosha: sukari ya asubuhi ilishuka zaidi kidogo kwa kundi la yoga, lakini homoni ya msongo ilipungua zaidi kwa waliojinyoosha. Matokeo hayo hayamruhusu mtu kuuza tiba. Mwalimu atakayemwambia mgonjwa wa shinikizo la damu aache vidonge anyimwe cheti, hata kama anapanga mito kwa ustadi.