Tusimfunge Mgonjwa wa Moyo Kitandani

(Mada kwa wauguzi na matabibu wa zahanati na vituo vya afya vya kanisa)



Nimeombwa nizungumzie namna ya kumshauri mgonjwa ambaye moyo wake umeshindwa kusukuma damu ya kutosha ili aanze kufanya mazoezi. Wengi wetu tumezoea kumwambia, "Pumzika, usijichoshe." Akifika nyumbani, neno hilo huwa sheria. Hunyang'anywa jembe, ndoo na hata ufagio, akabaki mkekani akingoja kuletewa maji.

Zamani huo ndio uliokuwa ushauri wa madaktari duniani kote. Leo tunajua kuwa misuli isiyotumika hulegea, na ikilegea, mgonjwa huhema hata kwa kazi ndogo. Utafiti wa HF-ACTION, uliochapishwa mwaka 2009, uliwafuatilia wagonjwa 2,331 na kuonyesha kwamba mazoezi ni salama na huleta nafuu kiasi. Si muujiza, wala hayachukui nafasi ya vidonge.

Kwetu jambo hili ni zito. Utafiti wa THESUS-HF wa mwaka 2012 ulihusu wagonjwa 1,006 katika nchi 9 za Afrika, zikiwemo Kenya na Uganda. Wastani wa umri wao ulikuwa miaka 52, na chanzo kikuu kilikuwa shinikizo la damu. Hawa ni watu ambao familia bado zinawategemea.

Basi tujifunze mambo matatu.

Kwanza, kuchagua. Anayebanwa na pumzi akiwa amekaa, anayezidi kuvimba miguu, mwenye maumivu ya kifua au anayezimia, asianze. Aonwe na daktari kwanza.

Pili, kipimo. Aanze kwa kutembea dakika 5 hadi 10 mahali tambarare, aongeze kidogo kidogo. Akishindwa kuzungumza huku akitembea, apunguze mwendo. Mwenye mizani ajipime kila asubuhi. Uzito ukiongezeka zaidi ya kilo 2 ndani ya siku 3, arudi kituoni.

Tatu, namna ya kusema. Usimpe amri. Muulize, "Kabla hujaugua ulikuwa ukienda wapi kwa miguu?" Akisema kisimani au kanisani, kubalianeni aanze na sehemu ya njia hiyo. Mwombe akueleze kwa maneno yake aliyoyaelewa. Mwite na mwenzi wake asikie, maana ndiye atakayemzuia au kumsindikiza.

Haya hayajifunzwi kwa kusikiliza tu. Baada ya mada hii tukae wawili wawili, mmoja awe mgonjwa, mwingine mshauri, kisha tubadilishane.

Tukumbuke kiwete aliyekuwa akiketi mlangoni pa hekalu. Petro hakuishia kumwambia asimame. Alimshika mkono akamwinua. Nasi tusiishie kwenye maneno. Tumsindikize mgonjwa wetu hatua za kwanza, hata kama ni kutoka benchi la kusubiria hadi langoni.