Kila Mtu na Kipawa Chake
(Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka)



Nawashukuru kwa heshima mliyonipa ya kusema machache kabla hatujauingia uchaguzi wa Kamati. Nimeombwa ninene juu ya uongozi. Jambo hili ni pana, nami nitashika neno moja tu: kiongozi mwema huijua nguvu ya kila mtu anayefanya kazi pamoja naye, akamweka mahali ambapo nguvu hiyo itafaa.

Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Neno hili twalitaja sana tunapochanga fedha. Lakini tukumbuke pia kwamba vidole vya mkono mmoja havilingani, na lau vingelingana, mkono usingeweza kushika jembe. Umoja wetu si kufanana. Ni kila mmoja kuleta alicho nacho.

Chukueni mfano wa wanariadha wetu. Katika Michezo ya Olimpiki ya Munich, mwaka wa 1972, vijana wanne wa Kenya walishinda mbio za kupokezana kijiti, kila mmoja akikimbia mita 400. Charles Asati alianza, akafuata Munyoro Nyamau, kisha Robert Ouko, na Julius Sang akamaliza. Muda wao ulikuwa dakika 2 na sekunde 59.8. Ni kweli kwamba Wamarekani, waliowashinda Wakenya huko Mexico mwaka wa 1968, hawakushiriki safari hii. Lakini Waingereza, Wafaransa na Wajerumani Magharibi walikuwapo, nao hawakuwa watu wa kudharauliwa.

Watazameni watu hao mmoja mmoja. Asati alikuwa bingwa wa mita 400 katika Michezo ya Jumuiya ya Madola huko Edinburgh, mwaka wa 1970. Bingwa huyo ndiye aliyepewa kuanza, wala si kumaliza mbele ya macho ya watu. Sang alikuwa amekwisha pata nishani ya shaba ya mita 400 hapo hapo Munich. Yeye akawekwa mwisho, mahali panapotaka mtu wa kufukuza. Na Ouko je? Mbio zake hasa zilikuwa za mita 800, nazo ndizo alizoshinda Edinburgh. Mtu mwenye fikira fupi angalisema, "Huyu si wa mita 400, akae kando." Lakini mtu azoeaye masafa marefu ana pumzi katika mita za mwisho, wakati wengine miguu inapokuwa mizito. Hakuna aliyemtaka Ouko awe Sang, wala Sang awe Ouko.

Sasa turudi kwetu. Chama chetu hakikimbilii nishani. Kazi yetu ni msiba unapoingia, mgonjwa anapolazwa, mtoto anaporudishwa nyumbani kwa ajili ya karo. Mambo haya hayangoji. Familia iliyofiwa ikimwendea mweka hazina ikamkuta hajui daftari linasema nini, haitafarijika kwa kuambiwa kwamba mweka hazina huyo ni msemaji hodari, au kwamba safari hii ilikuwa zamu ya upande wao kutoa mtu. Maiti itakaa chumba cha maiti, na gharama itaongezeka kila siku.

Najua yatakayosemwa: kwamba vyeo vikigawanywa kwa vipawa, wazee watavunjiwa heshima, na mlango mmoja utapata kuliko mwingine. Hofu hiyo si ya bure. Lakini heshima na kazi ni vitu viwili. Mzee anayeweza kuwaketisha ndugu waliogombana mpaka wakashikana mikono ana kipawa ambacho kijana mwenye vyeti vingi hana. Kumbebesha mzee huyo daftari la hesabu si kumheshimu. Ni kumwondoa penye nguvu yake na kumweka penye udhaifu wake, mbele ya watu. Na yule mama ambaye michango ya mtaa wake haichelewi kamwe, mbona twamkumbuka wakati wa kupika tu?

Mtaniuliza, kipawa cha mtu hujulikanaje? Kwanza, tazameni afanyalo bila kuagizwa. Pili, waulizeni waliofanya kazi naye, maana mtu mara nyingi hajui jema lake mwenyewe. Tatu, mpeni kazi ndogo kabla ya kubwa, mwone aimalizavyo. Wala kipawa kisiwe kisingizio cha kutokaguliwa: hata mweka hazina aliye mwaminifu kuliko wote, vitabu vyake na vikaguliwe.

Tena nina onyo moja. Huko Mexico, mwaka wa 1968, katika fainali ya mita 1500, Ben Jipcho alitangulia kwa kasi kubwa, akaizunguka duara ya kwanza kwa sekunde 56 hivi, ili Kipchoge Keino apate njia ya kumchosha Jim Ryun wa Marekani. Keino alishinda kwa dakika 3 na sekunde 34.9, Jipcho akamaliza wa kumi. Lau habari yake ingeishia hapo, tungesema alitumiwa kama ngazi. Lakini haikuishia hapo. Mwaka wa 1972 alipata nishani ya fedha katika mita 3000 za kuruka viunzi na maji, nyuma ya Keino huyo huyo, na mwaka wa 1973 akaweka rekodi ya dunia katika mbio hizo. Kiongozi atumiaye nguvu za watu wake na akumbuke kwamba kila mmoja anastahili kupata siku yake pia. Wako humu vijana waliobeba viti na kuandika barua miaka mingi bila kuulizwa neno.

Kwa hiyo, Bwana Mwenyekiti, naomba jambo moja. Jina la kila atakayependekezwa leo lisitajwe peke yake. Itajwe pamoja nalo kazi aliyokwisha kuifanya, wanachama wakaisikia. Kisha tupige kura.